Maoni ya Andati Kuhusu Mchezo wa Magari

Mgomba uliochaguliwa kuzikwa badala ya Protus ulisimama nyuma ya jiko la mama yake, Edah, na kwa bahati mbaya ulikuwa umeanza kuzaa. Mukabwa aliuzunguka akiwa na panga mkononi, akausukuma kwa kiganja kuona kama umenyooka, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu.

"Alikuwa na urefu gani, huyu kijana?"

Andati, baba yake Protus, aliinua mkono wake juu kidogo ya sikio. Mara akaushusha. Aliyekuwa akipimwa ni kijana ambaye yeye mwenyewe alimsindikiza hadi uwanja wa ndege miaka minne iliyopita, na Andati hakujua kama watu huendelea kurefuka wakiwa Amerika.

"Basi tutakata hapa," Mukabwa akasema, akiweka alama kwa ncha ya panga.

"Usikate huo," Edah akamwambia kutoka mlangoni mwa jiko. "Huo una mtoto. Tutazika aje mwenye mimba? Kateni ule wa kando."

"Shemeji, ule wa kando umepinda."

"Hata yeye alipindanga akitembea."

Mukabwa alimtazama ndugu yake kuona kama angecheka. Andati hakucheka.

Kwao Isukha, mtu akipotelea mbali na habari zake zikakatika, hungojewa. Kungoja kukizidi nguvu za nyumba, ukoo hukata mgomba, huuvisha shati la aliyepotea na kuuzika kama mwili wake, ili waliobaki wapate kupumua. Barua ya mwisho ya Protus ilikuwa imekuja zaidi ya miaka miwili nyuma. Chuo alichokwenda kusomea kilijibu kwa sentensi moja kwamba hayupo tena hapo. Nambari yake ya simu ilipopigwa, mwanamke mmoja alisema hamjui mtu huyo, tena alisema kwa upole, jambo lililozidi kuuma. Na Joash, mdogo wake Protus, alikuwa na mchumba ambaye tumbo lake lilianza kuonekana. Mdogo hajengi nyumba ya kuoa mbele ya mkubwa aliye hai. Ukoo ulikuwa umekaa, ukaamua: Jumamosi.

Katekista alikuwa amekataa kuja. Alisema Kanisa lina sala ya mvua, ya safari na ya mifugo, lakini ya mgomba hajaiona.

Andati peke yake ndiye hakutaka. Lakini hakuwa amesema, kwa kuwa hakuwa na la kuonyesha. Mtu hawezi kusimama mbele ya ukoo akasema, "Mimi nahisi tu." Hata mkewe alikuwa upande wa pili. Edah alikuwa amechoka. Alitaka kulia, na kwa miaka hiyo yote hakuwa amepata ruhusa, kwa kuwa mama akimlilia mtoto aliye hai anamwita mkosi.

Basi Andati alikwenda akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, kama alivyozoea tangu Idara ya Barabara ilipompunguza kazi. Alikuwa ameendesha greda, mashine ya kusawazisha barabara, maisha yake yote ya utu uzima. Barabara ile ya murram, isiyo na lami, aliijua kona kwa kona. Sasa watu walipita juu yake wakimsalimia bila kupunguza mwendo.

Jescah alimkuta hapo hapo jioni ya siku iliyofuata. Alikuwa binti wa jirani, aliyeajiriwa mjini Kakamega katika biro moja, ofisi ya kupiga chapa, na mwaka ule wa tisini na tisa mwenye biro alikuwa ameunganisha kompyuta moja na intaneti kwa waya wa simu. Wateja walikuwa hawajajua ni ya kazi gani. Jescah alikuwa ameambiwa aizoee.

"Baba, nilikuwa nakutafuta wewe," alisema, akachuchumaa. "Kuna pahali kwa hiyo intaneti unaandika neno, inakutafutia dunia yote. Mimi nikaandika Khayega, hapa kwetu. Nilitaka tu kuona kama wanatujua."

"Wanatujua?"

"Mtu mmoja tu anatujua." Akatoa karatasi mkobani. "Ni pahali watu wananunua michezo ya kompyuta, gemu. Ukishanunua, unaruhusiwa kuandika maoni, kama ni nzuri ama umeibiwa. Unaipatia nyota, moja mpaka tano. Sasa huyu anaandikanga ya kuchekesha. Wazungu wanamfuata tu wacheke. Anajiita Mtu wa Khayega."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Andati aliisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Ilihusu mchezo wa kushindanisha magari, nayo kwa lugha yetu ingesema hivi:

*Gari la mchezo huu linakata kona kama greda ya baba yangu kule Khayega. Tofauti ni kwamba greda ya baba ilikuwa inafika. Nyota moja.*

Madereva wa greda waliowahi kutoka Khayega hawakuwa wawili. Andati alirudia kuisoma. Alipoinua macho aliuliza kitu kimoja tu.

"Kuna tarehe?"

"Iko hapa juu. Ni ya mwezi huu, baba."

Andati aliikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. "Usimwambie mama yake kwanza," akasema. "Nataka nione kwa macho yangu."

Ijumaa asubuhi alifika kwenye biro akiwa amevaa koti la kanisani. Mwenye biro, kijana wa mikono laini aliyevaa tai, alimtazama viatu kabla ya kumtazama uso.

"Mzee, hii si ya kuangalia bure. Dakika ikianza kuhesabu, imeanza. Laini inapigwa hadi Nairobi."

"Nimesikia."

"Na usiguse chochote. Huyu msichana ndiye atagusa."

Andati aliweka mikono yake juu ya magoti kama mtoto kanisani. Mashine ililia kwa sauti ya chuma, ikanyamaza, na polepole sana, kuanzia juu kushuka chini, mwanawe akaanza kutokea.

Maoni yalikuwa mengi. Kulikuwa na mchezo wa shujaa anayemwokoa binti mfalme: *Nilipigana na majoka wiki nzima, nilipomfikia akaniambia asante na mchezo ukaisha. Kwetu ukimrudishia mtu kuku wake aliyepotea unakalishwa, unapewa chai. Nyota mbili, zote ni za majoka, wao angalau walinishughulikia.* Andati alicheka kwa pua. Kulikuwa na mchezo wa shamba: *Mahindi yanapandwa asubuhi na kuvunwa jioni. Hakuna panya, hakuna mjomba anayekuja na gunia lake tupu. Mama yangu angeumaliza mchezo huu kabla ya chakula cha mchana, halafu aniulize kwa nini sijaosha miguu. Nyota tano, kwa niaba yake.* Hapo Andati alicheka hadi mwenye biro akageuka, na Jescah naye akacheka kwa kumwona anacheka.

Kisha Jescah alifungua mwingine, wa mpira wa miguu.

*Sanduku limeandikwa kwamba mchezo huu ni wa watu wawili. Nimelikung'uta sanduku lote. Mtu wa pili hakuwemo. Ninacheza pande zote mbili, na bado nimefungwa. Nyota mbili.*

Chini yake msomaji mmoja alikuwa ameandika kwamba amecheka mpaka machozi yamemtoka.

Andati hakucheka. Aliyasoma tena maneno yale mafupi na akakiona chumba: dirisha dogo, baridi, kijana amekaa kitandani anaihamisha mikono yake kutoka upande huu kwenda ule. Watu wa nchi nyingi walikuwa wamepita humo na kucheka, na hakuna aliyeketi.

"Kwa nini yeye hawaandikii nyinyi barua?" Jescah aliuliza taratibu. "Ameweza kuandika yote haya."

"Haya si rahisi kuliko barua?" Andati akamjibu. "Hapa hakuna anayemuuliza cheti kiko wapi. Sisi tulimfanyia harambee. Watu walitoa kuku, wakatoa mahindi. Katekista alitangaza jina lake kwa kipaza sauti. Mtu akishindwa huko, ataanza barua aje?"

"Mzee," mwenye biro akaita, akigonga saa yake kwa ukucha, "dakika."

Edah alisomewa maoni hayo jioni hiyo, kutoka karatasi alizochapa Jescah, akiwa amekaa juu ya kiti kifupi, sufuria za kupikia waombolezaji zimepangwa nyuma yake. Andati alimtafsiria neno kwa neno. Alipofika kwenye mchezo wa shamba, Edah alitabasamu kabla hajajizuia.

"Anasema mimi nitamaliza?"

"Kabla ya mchana."

"Na mbona ule wa kwanza anaunyima nyota? Amekuwa mchoyo?"

"Ndiyo mzaha wenyewe, Mama Protus."

Tabasamu lile lilimtoka Edah usoni kama maji yanavyopotea mchangani.

"Kwa hivyo yuko."

"Yuko."

"Ana nguvu ya kuchekesha Wazungu." Aliinuka, akaketi tena. "Mimi nimekaa hapa nikimhesabu na wafu. Nimetoa shati lake, nimelipiga pasi. Sasa, Baba Protus, hebu niambie. Kesho nitamlilia nani?"

Andati alitaka kumshika mkono, lakini walikuwa wameacha kufanya hivyo zamani, na hakujua mtu huanzia wapi.

Jumamosi watu walikuja. Wanawake walileta unga na sukari, wanaume walichimba shimo nyuma ya nyumba, wakalifanya dogo kwa aibu, kisha Mukabwa akawaamuru wapanue. Mgomba uliopinda ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umevalishwa shati la samawati. Edah alikuwa amekaa kando yake macho makavu, na wanawake waliomzunguka walikuwa wakimsubiri yeye aanze.

Andati alisimama. Alimwomba Jescah asome yale maoni, akasoma, na yeye akatafsiri. Mtu wa nyuma akacheka aliposikia ya greda, kwa kuwa wote waliijua greda ile, na kicheko kikaenea hadi kwenye shimo.

Mukabwa hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeuza ndama wake nauli ya Protus ilipopungua, na ndiye aliyekuwa akilala macho wazi kwa ajili ya nyumba ya ndugu yake.

"Andati," alisema, "mimi nauliza tu. Mtoto anaongeanga na baba yake kwa maneno ya gemu?"

"Hakuwa anaongea na mimi. Nimemsikia tu akiongea."

"Na kama ni mtu mwingine?"

"Mama yake mwenyewe amemsikia."

Mukabwa alimsogelea, akateremsha sauti, ingawa kila mtu alisikia. "Fikiria vizuri, ndugu yangu. Tukizika leo, watu watasema pole, na itaisha. Hawa watu walitoa mali yao. Wewe utawaambia nini? Utasema mtoto yuko hai, hakusoma, hakuandika, na anacheza?"

Andati aliwatazama. Alimwona mama mmoja aliyekuwa ametoa jogoo wake wa pekee. Alimwona mwalimu aliyempa Protus kamusi yake. Aliona jinsi ingekuwa rahisi: kulala chini kwa shati lile, udongo juu, na jina la mwanawe likabaki safi milele. Alihisi uso wake ukipata moto.

"Ndiyo," akasema. "Yuko hai, na anacheza."

Kijana mmoja akaguna. Mwingine akanong'ona kitu, kikafuatiwa na kicheko ambacho hakikuwa kile cha mwanzo. Andati alisimama wima kukipokea, kama alivyokuwa akisimama vumbi la malori likipita, hadi kikaisha.

"Haya," Mukabwa akasema hatimaye. "Basi kama yuko, yeye ni mkubwa. Joash hawezi kujenga mpaka mkubwa aseme pita. Na huyo msichana wa watu hatangoja. Mwambie mtoto wako aseme. Asiposema mpaka mwezi uishe, tutamzika, na wewe hutasimama tena."

Joash, aliyekuwa ameshika jembe, alitazama chini. Shati lilivuliwa, shimo likafukiwa tupu. Mgomba ule ulikatwa vipande, ng'ombe wakala.

"Hakuna anwani yake," Jescah alisema Jumatatu. "Ni jina tu. Huwezi kumtumia barua."

"Lakini watu wanaandika chini ya ule mchezo."

"Wanaandika maoni yao, baba. Ya mchezo."

"Basi na mimi nitatoa maoni."

Mwenye biro alicheka waziwazi. "Mzee, wewe hata hujaucheza."

"Nimeendesha," Andati akasema.

Alisimama nyuma ya kiti cha Jescah akamtajia maneno, naye akayapiga. Alikataa Kiingereza. Alisema hayo ni mambo ya nyumbani, na wageni wanaruhusiwa kupita. Alipokwama alitazama dirishani kwa muda mrefu, dakika zikihesabu, na mwenye biro, kwa sababu ambayo hata yeye hakuielewa, hakugonga saa.

*Mimi ndiye mwenye greda. Gari hili la mchezo sijaliona. Anayesema greda yangu ilikata kona vibaya amesema kweli, lakini alikuwa mdogo, hakuelezwa sababu. Greda haiendi ili ifike yenyewe. Inaenda ili wanaokuja nyuma wapite. Kwa hiyo haina haraka, na ikikwama haioni haya kurudi nyuma. Mimi nilikwama mara nyingi. Nilirudi nyuma mbele ya watu.*

*Wewe unayeweza kusoma hapa, Jumamosi ulikuwa uzikwe. Nilikataa. Waliotoa kuku wana kuku wengine sasa. Cheti hakuna anayekiuliza, na akikiuliza aje kwangu. Ndugu yako Joash anataka kujenga, na amepata mtu. Wewe ndiye mkubwa. Sema kama apite.*

*Mimi sijui kucheza mpira huo wa kompyuta, lakini mtu wa pili ninaweza kuwa. Nionyeshwe tu pa kushika.*

"Nyota ngapi?" Jescah aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na hakugeuka.

"Ziko ngapi kwa jumla?"

"Tano."

"Weka zote."

Siku mbili baadaye mvua iliangusha mti juu ya nguzo za simu, na mji wote ukawa bubu. Andati alikuwa akienda biro kila siku ya soko, anakaa kwenye benchi la nje, anaambiwa bado, anarudi kwa miguu. Mwezi ulikuwa ukielekea ukingoni. Nyumbani Mukabwa hakumsumbua kwa maneno. Alipita tu nyuma ya jiko akitazama migomba. Joash alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, ili asionekane anangoja.

Mafundi walipomaliza kazi, Jescah alimtuma mtu wa boda boda amwite. Andati alikuja amekaa nyuma ya baiskeli, koti likipepea.

Ukurasa ulishuka polepole. Greda ya Mtu wa Khayega ilikuwepo. Maneno yake mwenyewe yalikuwepo chini, marefu, ya Kiswahili, katikati ya Kiingereza cha watu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na jibu.

Andati alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na daktari.

"Ngoja, baba. Hapa chini pana maandishi madogo." Jescah aliinamia kioo. "Kila maoni yana swali. Wanamuuliza aliyesoma: maoni haya yamekusaidia? Unabonyeza ndiyo, ama unabonyeza hapana. Yako yamebonyezwa."

"Yamebonyezwa nini?"

"Mtu mmoja. Amesema ndiyo."

Andati alimtazama kwa macho makali aliyokuwa akiwatazamia vibarua wavivu. "Si wewe, mwanangu? Si umenihurumia?"

"Baba, laini imekuwa imekufa. Na nani mwingine huko angesoma Kiswahili chote hicho mpaka mwisho?"

Aliomba aonyeshwe pale mahali. Jescah aliuchukua mkono wake, mkono ambao mwenye biro alikuwa ameukataza, akakiweka kidole chake juu ya kioo, chini ya neno lile fupi. Kioo kilikuwa na joto. Mwenye biro alijifanya kupanga karatasi.

Edah alikuwa akianika maharagwe alipomwona mumewe akishuka njiani. Hakuuliza hadi amemkaribia kabisa.

"Amejibu?"

"Amejibu."

"Amesema nini?"

"Amesema ndiyo."

"Ndiyo tu? Hakuandika kitu kingine?"

"Hakuandika. Ndiyo tu." Andati aliketi chini karibu naye, juu ya mkeka wenyewe, maharagwe yakamkimbia pande zote. "Lakini alisoma mpaka mwisho, Mama Protus. Swali liko mwisho."

Alimwita Joash, akamwambia aende akatafute nguzo za nyumba yake. Joash aliondoka akitembea, na alipofika kwenye ua akaanza kukimbia.

Hapo ndipo Edah aliposhika kichwa kwa mikono miwili, akaachilia sauti. Alilia kwa sauti ya matanga, ile inayopanda mlima na kushuka upande wa pili, na hakuizuia. Majirani walitupa walichokuwa wameshika. Walitokea mashambani, visimani, mikono ikiwa na udongo, na mbele yao alikuwa Mukabwa, anahema, shati limefunguka.

Andati alikwenda akawapokea mlangoni pa boma.

"Ni nani?" Mukabwa akauliza.

"Ni Protus."

"Amekufa?"

"Hapana," Andati akasema. "Yuko hai. Ingieni mkae na mama yake."

Walitazamana. Hapakuwa na desturi ya jambo kama lile. Mukabwa alivifunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja, akapita, akaketi juu ya mkeka kando ya shemeji yake, na wengine wakamfuata.